Kitabu cha Watalii Kilivyonifunza Kiingereza cha Mji Wangu

Kiingereza cha skuli nilikuwa nacho, ila kilikuwa cha mtihani. Niliweza kuandika namna mmea unavyojitengenezea chakula, lakini mgeni akisimama mbele ya meza ya mapokezi akauliza ile misumari mikubwa ya mlangoni ni ya nini, nilikuwa natabasamu tu mpaka aondoke. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wageni huacha vitu vingi vyumbani: mafuta ya jua, ndara, vitabu. Rafuni kwetu palikuwa na kitabu cha kuwaongoza watalii Zanzibar, cha zamani kidogo, jalada la nyuma limeshanyofoka. Nikawa nakisoma mchana, saa ambazo wageni wote wako pwani.

Kilichonisaidia si kwamba kitabu kilikuwa rahisi. Hakikuwa rahisi hata kidogo. Ni kwamba kilizungumzia mahali ninapopajua, kwa hiyo maana nilikuwa nayo tayari, nakosa jina tu. Kitabu kikisema milango ya Mji Mkongwe ni "carved" na ina "brass studs", kamusi ya nini? Mlango wa jirani umejaa nakshi na misumari ya shaba, nimeuona tangu naanza kutambaa. Kikaeleza kwamba milango ya mtindo wa Kihindi ni "arched" juu, yaani imepinda kama upinde, na ile ya Kiarabu ya zamani ni "rectangular", ya mstatili, yenye maandishi ya Kurani kwenye "lintel", ubao wa juu ya mlango. Nikatoka, nikapita mtaani nikilinganisha mlango na mlango. Kufika Hurumzi maneno yote matano yalikuwa yangu.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea: ukurasa mmoja, mahali pamoja, halafu miguu. Daftarini sikuandika tafsiri. Niliandika neno na mahali nilipoliona. Mbele ya "crumbling" nimeandika jina la nyumba moja ya mtaa wetu wa Malindi ambayo plasta yake imemomonyoka mpaka mawe ya matumbawe yanaonekana. (Watu wanaishi mle, na mwandishi wa kitabu anaipenda sana hali hiyo ya kubomoka. Asiyelipia chokaa huona uzuri.) Mbele ya "mangrove poles" nimeandika chumba cha bibi, maana dari lake ni boriti za mikoko, na chumba ni chembamba kwa sababu boriti zina urefu wake, huwezi kuzivuta.

Baada ya hapo nilisubiri wageni. Neno nililolisoma likitoka kinywani mwa mgeni, naliwekea alama. Lisipotoka, naliacha lilale kitabuni. Ndiyo nikajua kwamba kuna Kiingereza cha kusemwa na kuna cha kupambia kurasa. Soko la Darajani kitabuni kila mara ni "bustling", lakini mgeni anayerudi kutoka huko, shati limemganda mwilini kwa jasho, husema "busy" au "crazy" basi. Mashine ya kupandisha watu ghorofani kwenye jumba la Beit el-Ajaib kitabu kinaiita "lift", na Wamarekani wakisimulia wanasema "elevator". Nikashika zote mbili.

Beit el-Ajaib yenyewe ilinipa somo ambalo mwalimu hakuwahi kunifanya nilielewe. Sultani Barghash aliijenga 1883, na kitabu, kwa kuwa ni cha zamani, kinasimulia kama vile mtu anaweza kupanda juu leo hii akaitazame bandari. Disemba 2020 sehemu yake ikaanguka. Basi nikachukua kalamu nikaupitia ukurasa ule wote, kila "is" nikaifanya "was", kila "can" ikawa "could", na palipobaki pamesimama nikapaacha kama palivyo. Wakati uliopita na wakati uliopo vilinikaa hapo, kwa sababu kila badiliko nililijua ni la nini.

Jambo jingine nililolipenda ni jinsi kitabu kinavyojikinga. "It is said that", "reputedly", "legend has it". Mji wetu una hadithi nyingi zisizo na hati. Mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar 1946, hilo halina ubishi, lakini nyumba aliyokaa zimetajwa zaidi ya moja. Kwenye Kanisa la Anglikana la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873, inasemekana madhabahu imesimama mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Maneno hayo ya kinga yaliniwezesha kumwambia mgeni ninachokisikia bila kukiapia. Zamani, kwa uchache wa maneno, nilikuwa nasema "yes" kwa kila kitu.

Wapo pia waliotajwa kitabuni bila heshima. Kuna kisanduku kizima kuhusu vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari, na kinawaita kwa jina letu wenyewe, papasi, halafu kinaongeza kuwa ni "persistent" na kwamba mgeni akatae kwa upole, "politely but firmly". Nilimwonyesha kijana mmoja wa kazi hiyo ambaye hukaa barazani kwetu.

"Dada, na hili lasemaje?" akaniuliza akiweka kidole.

"Persistent. Mtu asiyekata tamaa, anang'ang'ana."

"Basi wamenisifu!" Tangu siku hiyo analitumia kujitambulisha, na nasikia wageni wanacheka na safari anaziuza.

Mwisho wa kitabu palikuwa na kurasa za Kiswahili kwa ajili ya watalii. Hizo nilizisoma kinyume. Wao walitakiwa wajifunze "bei gani" na "naumwa tumbo". Mimi nikachukua upande wa pili, nikapata sentensi za hospitali, za dalali wa tiketi na za polisi ambazo hazimo kwenye kitabu chochote cha skuli. Ukikipata kitabu cha namna hii, anzia hapo.

Kuelekeza njia ndiko kulikonipa tabu, na kitabu hakikusaidia sana maana ramani yake ilikuwa inachanganya hata wenyeji. Hapa niliokota maneno kwa wageni waliopotea: "dead end", "opposite", "keep going until". Kutoka kwetu kwenda Forodhani siku hizi namteremsha mgeni mpaka barabara ya Mizingani kisha namwambia "keep the sea on your right". Hajapotea mtu. Na anayekwenda kuogelea Paje au Jambiani namtajia "low tide" ni saa ngapi, asije akafika akakuta maji yamekupwa na bahari iko kule mbali. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nasema "spring tide", na wengi wao ndipo wanalisikia mara ya kwanza.

Sehemu moja imenishinda: kurasa za Pemba. Nimezisoma tena na tena, msitu wa Ngezi, popo wakubwa wa Pemba, vilima vya mikarafuu, na maneno yanapita bila kushika, kwa kuwa sijawahi kuvuka kwenda huko. Sina mlango wa kusimama mbele yake. Mjomba wangu anakaa Wete na amesema niende msimu wa karafuu, atanitembeza. Nimeshaomba likizo, na zile kurasa nimezichomoa kitabuni ziwe nyepesi kubeba.