Steringi naye anazeeka

Saba Saba ikifika mi huwa namkumbuka Dilip Kumar, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, maana alifariki siku hiyohiyo, tarehe 7 Julai 2021, huko Mumbai, akiwa na miaka 98. Huku Dodoma ilikuwa sikukuu, baridi ya Julai na ule upepo wenye vumbi, na kwenye magrupu ya WhatsApp walioandika ni watu wa rika la wazazi wetu tu, vijana wengi wanauliza huyu nani. Na karibu kila aliyeandika aliandika hilohilo: mzee amekula chumvi nyingi, apumzike.

Hayo maneno ndo nataka kuyasemea leo, maana tangu tumzike babu nayasikia kila mahali na yananiuma.

Kwa wasiomjua, jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Yusuf Khan, kazaliwa Peshawar mwaka 1922, baba yake mfanyabiashara wa matunda. Hilo la Dilip Kumar alipewa na Devika Rani, mama aliyekuwa anaendesha studio ya Bombay Talkies, filamu yake ya kwanza ikatoka 1944. Babu yangu alimjulia hapahapa mjini miaka ya sitini, kijana wa Kigogo anabeba mizigo kwenye maduka, jioni akipata senti anaingia sinema, Kihindi hajui hata neno. Akirudi kijijini anawasimulia wenzake filamu nzima na maneno anayatunga mwenyewe! Hata sisi wajukuu alitusimulia, ila kila akisimulia mwisho unabadilika, kwa sababu babu hakukubali steringi, yaani yule shujaa wa filamu, afe.

Na hapo ndo penyewe. Sisi wote tumekua na sheria ya mabanda ya video kwamba steringi hafi, apigwe, atupwe mtoni, lakini mwisho atainuka. Dilip Kumar alikuwa anakufa. Kwenye Devdas ya 1955 anafia mlangoni kwa mwanamke aliyempenda, na hiyo sio peke yake, ujana wake wote aliigiza watu wa huzuni na vifo mpaka ikamwingia kichwani kweli, akaenda kuonana na madaktari wa akili Uingereza wakamshauri achukue filamu nyepesi, za kuchekesha. Akazichukua, na akaziweza vizuri sana. Mi hilo huwa linanigusa, mtu kafa mara nyingi namna ile akiwa kijana mbele ya watu, halafu kifo chenyewe kikachukua miaka na miaka kumfikia, kidogo kidogo, kumbukumbu zinapungua, hospitali anaingia anatoka. Mwaka 2020 wadogo zake wawili, Aslam na Ehsan, walifariki kwa korona ndani ya wiki mbili na yeye hakuambiwa. Nyie mnaoishi na wazee mnalijua hili la kuficha msiba, simu ikiita mtu anatoka nje.

Tunasema kafa kwa uzee kama vile uzee ni usingizi. Dilip Kumar alikuwa na saratani ya tezi dume na maji yalijaa kuzunguka mapafu. Mzee Mwinyi wetu naye aliondoka Februari 29, 2024 na miaka 98 hiyohiyo, na ilikuwa saratani ya mapafu. Ni kweli wapo ambao hata cheti kinaandika uzee, Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 2022 kiliandikwa hivyo. Lakini aliyeuguza mzee anajua huo uzee ni kazi. Babu alianza kwa kukataa ugali wa uwele, mtu aliyekuwa hali kitu kingine na mlenda wake, akabaki na uji, halafu uji nao vijiko viwili anageuza uso ukutani. Mama mkubwa akawa analia kwamba tunamuua kwa njaa. Nesi aliyekuwa anakuja kumwona ndo akatueleza taratibu kwamba mwili ukifika pale hauhitaji tena chakula kama zamani na koo linashindwa kumeza, ukimlazimisha unampalia, chakula kinaingia kwenye mapafu. Tulowanishe midomo kwa pamba na maji, tumgeuze kila baada ya masaa mawili mgongo usifanye vidonda. Mwishoni anapumua, anakaa, unafikiri basi, halafu anavuta tena. Miguu ya baridi hata ukiweka blanketi gani. Bibi alikuwa anaishika ile miguu ameiweka kwenye mapaja yake, usiku mzima, hataki kupokewa.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi, kwamba kwa Wagogo wa umri ule kuzeeka tu peke yake ni ushindi. Wazazi wa babu walitoka hai kwenye Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920 iliyoua watu wengi mno Ugogo. Mtu wa kizazi kile akifikisha tisini jamani huwezi kusema imetosha kirahisi hivyo.

Msibani wajukuu tulifanya utani wetu kama desturi. Binamu yangu mmoja akavaa koti la babu la kahawia na kofia, akashika fimbo, akatoka ndani anatembea mwendo wa babu kabisa, bega moja limeshuka, anakohoa, anauliza nani amekalia kiti changu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu na bibi akacheka kuliko wote, halafu palepale kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ndo jamaa mmoja akamwambia, bibi usilie bwana, mzee amekula chumvi, wenzake wanaondoka na ishirini. Alikuwa na nia njema, najua. Lakini bibi alinyamaza kama mtoto aliyekemewa na mpaka leo hajalia tena mbele za watu.

Kuishi na mtu miaka sitini na kitu si ndo unamzoea zaidi? Saira Banu aliolewa na Dilip Kumar 1966, hawakujaliwa watoto, akamuuguza mpaka mwisho, na tarehe 7 Julai 2023, miaka miwili kamili tangu afariki, akafungua akaunti Instagram ili aandike kuhusu mumewe. Mama wa karibu miaka 79! Hakuna aliyemwambia basi inatosha, watu wamesoma, wamelia naye.

Bibi hana Instagram, ila juzi aliniuliza kama zile filamu za babu bado zipo. Nimempatia ya 1960, Mughal-e-Azam, masaa matatu na zaidi, nimeiweka kwenye flashi na Jumamosi naenda nayo Mvumi kwa bibi. Mama mkubwa anasema nisipeleke, itamliza.

Naipeleka.