Jogoo wa Vidole Vitano

Mjomba alimleta yule jogoo kutoka Pongwe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, na wa kwanza kumkagua alikuwa Bibi. Akamgeuza kichwa chini, akahesabu, akasema, "Huyu kazidishiwa." Kuku wetu wa Ngamiani walikuwa na vidole vinne kila mguu. Huyu alikuwa na vitano, kile cha ziada kimeota upande wa ndani, jirani na kidole cha nyuma, kimeelekea juu kama kinaomba kuulizwa.

Jirani yetu alishauri achinjwe kabla ya magharibi. Kuku wa hivyo, alisema, ana mambo. Bibi hakumjibu. Alikuwa mkunga wa jadi, watoto wenye kidole cha sita amewapokea kwa mikono yake, na hakuona cha kuitia mganga. Lililomkera lilikuwa jingine.

"Mume wangu," akaniambia, kama alivyozoea kunitania, "mimba ikitoka changa, mkono huwa kinundu tu. Nani anayeliambia gumba likae huku, na kidole cha mwisho kikae kule?"

Nilikuwa likizo ya mwaka wa kwanza wa chuo, na hakuna mhadhiri aliyekuwa amelianza somo vizuri namna ile. Nikaketi mkekani. Nikamweleza kwamba mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Saunders na Mary Gasseling, walifungua mayai yenye viinitete vichanga vya kuku, wakakata kipande kidogo cha nyama kutoka ukingo wa nyuma wa kinundu cha bawa, wakakipandikiza ukingo wa mbele wa kinundu kingine. Bawa likaota vidole seti mbili, zikitazamana kama mtu na kioo chake. Kwa hiyo amri ilikuwa inatoka kwenye kipande kile. Ni nini hasa kilichokuwa kinatoka, kilijulikana mwaka 1993 katika maabara ya Cliff Tabin, Harvard: ni protini ambayo seli za ukingo ule huitoa nje, ikasambaa kwa majirani. Inaitwa Sonic hedgehog, jina la mnyama wa mchezo wa kompyuta. (Wanasayansi nao hucheza.) Seli zilizo karibu huipata kwa wingi, za mbali huipata kidogo, na kila moja hujijua ni ya kidole gani kutokana na kiasi kilichoifikia.

Bibi alinyamaza, akachezea ushungi wake. "Basi ni udi," akasema. "Aliye karibu na chetezo na aliye barazani wote wananusa, lakini si sawasawa."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, japo udi hausemi yote. Muda nao una kazi yake: seli iliyokaa ndani ya protini hiyo kwa muda mrefu huitika tofauti na iliyoionja kidogo. Na panya wa maabara aliyenyimwa protini hiyo kabisa hupoteza karibu vidole vyote vya mguu wa nyuma, akabaki na kimoja kinachofanana na gumba.

"Na huyu?" Bibi akamwonyesha jogoo kwa kidevu.

Kwa kuku wa Kichina wenye manyoya ya hariri, ambao nao wana vidole vitano, jeni yenyewe, yaani maagizo ya kutengeneza protini hiyo, haina kasoro. Herufi moja ya DNA imebadilika mbali nayo, mahali panapoamua jeni iwake wapi, na protini hutoka kidogo hata ukingo wa mbele, pasipostahili. Wa Pongwe sikuweza kumpima, ila kidole chake kilikuwa upande uleule. Cha sita cha watoto aliowapokea Bibi kwa kawaida huota upande wa kidole cha mwisho, na chanzo chake mara nyingi ni kingine.

Jirani, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akauliza kama vifaranga watarithi. Nikasema wengi huenda wakarithi, maana tabia hiyo haihitaji wazazi wote wawili.

Bibi akakata kamba mwenyewe kwa kisu cha samaki, akamtia jogoo bandani pamoja na mitetea. Waliototolewa baadaye wakiwa na vidole vitano aliwauza kwa bei ya juu kuliko wenzao, na wa kwanza kununua alikuwa jirani.