Kilengeo cha milioni moja na rangi ya kucha ya mke wangu

Niliuza mbuzi wawili na kumalizia na akiba yangu ya chama ili ninunue kilengeo cha upinde. Useme hivyo hapa Arua, Uganda, uone watu watakavyokutazama. Upinde kwa Walugbara si jambo geni, na mimi ndiye mgeni: nililetwa huku kufundisha Kiswahili, nikaoa huku, nikabaki. Baba mkwe wangu alikulia kwenye nyumba yenye upinde na podo la mishale ukutani. Nilipomwonyesha kile kidude cha alumini chenye skurubu na kaduara kadogo mbele, alikigeuzageuza mkononi akaniuliza, "Sasa hii ndiyo inavuta, ama inaangalia tu?"

Inaangalia tu, Baba. Kwa shilingi 1,150,000 kabla ya ushuru na VAT ya asilimia 18.

Kikundi chetu kina watu sita. Tunakutana Jumapili jioni kwenye uwanja wa shule, ng'ombe wakishaondoka. Shabaha yetu ni magunia yaliyoshindiliwa matambara ya mivumba, yaani mitumba, ambayo hata sokoni hayakununulika, na juu yake tunabandika karatasi ya duara ya sentimita 80. Tunapiga kutoka mita 30. Upinde wangu ni rikavu ya kawaida, ile inayopinda ncha zake kwenda mbele, uzito wa kuuvuta ni ratili 28, nilioununua ukiwa umeshatumika. Ulikuja na kilengeo cha bei ya chini. Ukikinunua kipya hakifiki shilingi 200,000.

Kilengeo kile kilinitesa. Nyumbani kwangu hadi uwanjani ni boda, barabara ya maramu yenye makorongo, na kila nikifika skurubu zimelegea. Jumapili iliyopita mishale ilikuwa inaingia katikati, leo yote inakwenda chini kushoto. Nikirekebisha, wiki ijayo imehama tena. Nikajiambia tatizo nimelijua, na dawa yake ni kile wanachotumia wakubwa: reli ya kaboni, skurubu zinazolia "tik" kila unapozungusha, namba zilizochongwa zisizofutika. Ndugu wa rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka Ulaya, akaniletea.

Siku ya kwanza nilipiga mishale 36, ambayo ukiipata yote katikati ni alama 360. Kwa kilengeo cha zamani kawaida yangu ilikuwa kama 231. Kwa hiki kipya nikapata 236. Alama tano kwa mbuzi wawili! Wiki ya pili, 229. Nikaanza kuona aibu hata kuhesabu mbele za watu.

Ndipo nikakaa chini na kalamu, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kumwita mnunuzi wa mbuzi. Kutoka jichoni hadi kwenye kaduara ka kilengeo, mkono ukiwa umenyooka, kwangu ni kama sentimita 90. Shabaha iko mita 30. Kwa hiyo kilengeo kikicheza milimita moja, mshale unahama kama milimita 33 kule mbele. Kile cha zamani, skurubu zikiwa zimekazwa, nilikitikisa kwa kidole nikakadiria kinacheza nusu milimita. Hiyo ni kama sentimita moja na nusu na kitu. Kwenye karatasi ya sentimita 80 kila pete ina upana wa sentimita 4. Yaani ubovu wote wa kilengeo changu haukufika hata nusu ya pete, wakati mishale yangu ilikuwa imetawanyika eneo la sinia ya pilau ya harusi. Hakuna kilengeo duniani kinachoweza kukusanya sinia.

Halafu kuna jambo la sheria, ambalo muuzaji hana haraka ya kukuambia. Kwenye rikavu, sheria za World Archery, shirikisho la mchezo huu duniani, haziruhusu lenzi kwenye kilengeo, wala kile kipovu cha maji cha kupimia usawa. Basi unalipia nini? Unalipia chuma kizuri na skurubu nzuri, basi. Kwenye kompaundi, ule upinde wa magurudumu, mambo ni mengine: lenzi inaruhusiwa, kipovu kinaruhusiwa, upote una kitundu cha kuchungulia, na kwa mita 50 katikati yenyewe ni sentimita 8. Ninamfahamu jamaa wa Kampala anayepiga kompaundi. Fedha aliyoweka kwenye kilengeo simlaumu hata kidogo.

Aliyenitoa gizani ni baba mkwe. Alikuja Jumapili moja, akakaa kwenye kiti chini ya mwembe, akanitazama nikipiga raundi tatu bila kusema neno. Aliwahi kuwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mapambo. Nilipong'oa mishale akaniambia, "Mwalimu, leta hizo." Akachukua miwili, akaiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, macho ameyaelekeza mbali kabisa kama mtu anayesikiliza redio. Akaweka mmoja kulia. Mwingine kushoto. Akaendelea hivyo hadi yote kumi na miwili ikaisha. Kulia minane, kushoto minne.

"Hizi si za mama mmoja," akasema.

Nikaona ni maneno ya wazee. Nikaitazama kwa karibu: kwenye mwili wa mshale wa alumini huwa kuna namba ndogo, na yangu ilikuwa imekwanguka kwa magunia. Nikaifuta kwa mate na shati. Ile minane ilisoma 1816. Ile minne, 1716. Namba hizo zinasomeka hivi: tarakimu mbili za mwanzo ni unene wa mshale kwa sehemu za 64 za inchi, mbili za mwisho ni unene wa ukuta wake kwa sehemu za 1,000 za inchi. Kwa hiyo minne ilikuwa myembamba kwa sehemu moja tu ya 64, nywele chache, na vidole vya mzee wa miaka sabini na kitu vilizihisi. Mshale mwembamba hivyo unapinda zaidi upote unapousukuma, na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia kama mimi, mshale laini huelekea kulia. Wakati wote ule nilikuwa narekebisha kilengeo kuufuata mshale wa mwisho niliopiga, bila kujua kama ni wa mama huyu au wa yule.

Nilichofanya baada ya hapo hakikunigharimu. Niliandika namba 1 hadi 12 kwenye manyoya kwa kalamu ya wino mzito, nikapiga yote mara sita, kila mara nikichora kwenye daftari mshale namba fulani umeingia wapi. Ile minne ilikaa kulia kila mara. Na kati ya ile minane, namba 7 nayo ilikuwa na wazimu wake. Nikagundua mkia wake, pale unapopachikwa kwenye upote, una ufa ambao huuoni mpaka uubonyeze. Nikabaki na saba. Baadaye niliagiza mingine mitano ya 1816 kutimiza dazeni. Jumla yake haikufika robo ya bei ya kilengeo. Alama zikapanda hadi 268.

Hapo nikafanya jaribio ambalo mke wangu alisema ni la kujitonesha kidonda. Nilirudisha kilengeo cha zamani. Skurubu zake nilizikaza, kisha juu ya kila kichwa cha skurubu nikadondosha rangi ya kucha, nyekundu, niliyoichukua kwenye meza yake bila ruhusa. Isipokuwa ile skurubu ya kurekebishia, hiyo usiipake, utajuta. Rangi ikikauka inashika skurubu isizunguke kwa mtikisiko, na ikipasuka unaona mara moja kwamba kuna kitu kimelegea. Nikapanda boda kama kawaida, makorongo yale yale. Nikapiga 266.

Alama mbili. Upepo tu unaweza kukunyang'anya hizo.

Kwenye vifaa vingine sikufanya hesabu kali hivyo. Kinga ya vidole nilichongewa na fundi viatu kwa ngozi ya ng'ombe, shilingi 5,000, nikairudisha mara mbili apunguze pembeni, na sasa inanikaa kuliko ile ya dukani. Kinga ya kifua ni kitambaa kilichokaza upande upote unakopita, usijikwae kwenye shati. Wengi tulimwona Israel Madaye wa Chad kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akisimama bila hiyo mbele ya Kim Woo-jin wa Korea Kusini, na mshale mmoja ukaenda kwenye pete ya 1, ile ya nje kabisa. Sisemi ndiyo sababu. Lakini shati langu limeshavuta upote mara nyingi, na najua mshale unavyokwenda baada ya hapo. Fimbo ndefu ya kusawazisha: ninayo ya bei rahisi, inatosha. Planja, ile pini yenye springi inayoegemea mshale, ndiyo ningelipia zaidi kama ningeanza upya, maana ya kwangu ya bei ndogo hukwama kwa vumbi la Januari na kila siku inasukuma kivyake. Kwa sasa naisafisha kwa mafuta ya taa.

Na kile cha milioni? Hakijaenda bure, ila hakiko kwangu. Katika kikundi yumo binti niliyemfundisha kidato cha nne, mkono wake umetulia kama maji ya mtungini. Ameanza kujaribu mita 70 kwa upinde wa ratili 36. Kule, milimita moja ya kilengeo ni karibu sentimita 8 kwenye shabaha, na pete yenyewe ina upana wa sentimita 6 tu. Na mishale yake haitawanyiki, kwa hiyo kosa la kilengeo anaweza kuliona waziwazi. Mimi nilikuwa silioni, lilizama kwenye makosa yangu. Nilimkopesha kwa mwezi mmoja. Sasa ni wa tano. Akishuka kutoka 70 kuja 50 anahesabu "tik" kimoyomoyo, na akirudi 70 anahesabu kurudi nyuma, na mshale wa kwanza unaingia kwenye njano ya katikati.

"Mwalimu, unakitaka lini?" huniuliza.

Humwambia bado nasubiri skurubu zangu zilegee. Kichupa cha rangi ya kucha kimo ndani ya podo langu, na mke wangu nimeshamnunulia kingine, cha bei kuliko kile nilichochukua, kwa sharti lake.