Kamba Mbili Juu ya Mwembe: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ni kupunguza matawi ya miti mikubwa katika nyua za watu hapa Mombasa, na siku yangu huanza kwa kukagua kamba. Kamba ya kukwelea, yenye unene wa milimita 12, naipitisha yote kati ya vidole, nikitafuta mahali palipolegea, palipochomoza nyuzi au palipong'aa kwa kuungua, kwa kuwa nailoni na poliesta huyeyuka kwa joto la msuguano. Jua nalo huzidhoofisha, na hewa ya chumvi hutia kutu vyuma vyetu, kwa hiyo vifaa vyote hulala ndani ya mfuko mkavu.

Saa 1 asubuhi tulifika Tudor, mimi na mwenzangu wa kushika kamba chini ya mti. Mwembe mkongwe ulikuwa umelaza tawi nene juu ya paa la mabati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mti huu aliupanda babangu. Msiniulie."

Niliuzunguka mti polepole nikitazama kama shina lina uyoga, nyufa au sauti ya uwazi linapogongwa, kama nyaya za umeme ziko karibu, na kama chungu wa majimoto wameshona viota vyao kwenye majani, maana mkwezi anayeumwa na majimoto huachia mikono bila kufikiri.

Saa 2 nilirusha kifuko chenye uzito, kilichofungwa kamba nyembamba, kikapita juu ya panda imara karibu na shina. Kwa kamba hiyo nilivuta mkanda wenye pete mbili, ili kamba kubwa ipite kwenye pete isisugue gome, halafu sote wawili tukaining'inia kuijaribu. Mnazi una vidato na mkwezi hodari huupanda kwa miguu na mikono yake, lakini mwembe humtaka mtu atembee hadi pembeni mwa matawi, na huko hakuna cha kukumbatia. Ncha moja ya kamba niliifunga kwenye mkanda wangu wa kiunoni, na upande wa pili nikauzungushia mara tatu kitanzi chembamba zaidi, kwa fundo ambalo Karl Prusik wa Austria alilieleza mwaka 1931. Fundo hilo husukumika kwa mkono lisipobeba uzito, na hubana mara linapovutwa. Nililijaribu nikiwa bado karibu na ardhi, kwa uzito wangu wote, ndipo nikapanda.

Kuanzia saa 3 nilikuwa juu. Hatari kubwa iko pale unapohamisha kamba kutoka panda moja kwenda nyingine, kwa sababu uchovu hukushawishi kwamba sekunde chache bila kufungwa si kitu. Mimi hufunga kwanza ile kamba fupi ya kiunoni kuzunguka tawi, nikaiegemea mpaka nihisi imenibeba, ndipo nifungue ile ndefu. Na wakati wa kukata hubaki nimefungwa kwa zote mbili, kwa maana msumeno ukigusa moja iliyokazwa huikata mara moja.

Saa 5 tuliteremsha tawi. Kapi niliifunga juu ya tawi lenyewe, si chini yake, ili lisianguke kwa kishindo kabla kamba haijakaza. Uzito ulioachiwa huru huvuta mara nyingi zaidi ya ulivyo kwenye mizani. Mwenzangu alizungusha kamba kwenye shina mara tatu, akasimama pembeni. Nilikata kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi robo ya unene, kisha kutoka juu, mbele kidogo, ili gome lisichanike hadi shinani. "Kaza!" Tawi likakatika, likaning'inia. "Legeza!" Likateremka taratibu, bila kugusa bati.

Baada ya adhuhuri na chakula nilirudi juu kukiondoa kile kisiki kwa msumeno wa mkono, nje kidogo ya uvimbe wa shingo ya tawi, kwani hapo ndipo mti hufunga jeraha lake wenyewe. Bibi alisimama kibarazani akiniangalia mpaka nikamaliza.

Saa 10 tulisuuza kamba kwa maji matamu na kuzitandaza kivulini. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeanza kutoa manyoya, nikakikata vipande vifupi kabla ya kukitupa, asije mtu akakiokota na kukikwelea.