Tafakari ya Juma: Siku Ile na Orodha ya Matendo Yetu

Masomo: Mathayo 25:31–46, Luka 23:39–43, Yohana 5:24

Wapendwa katika Bwana,

Katika mazishi mengi ya hapa Nairobi, iwe tunazika Lang'ata au tunasindikiza mwili alfajiri kuelekea mashambani, husomwa wasifu wa marehemu: shule alizosoma, kazi alizofanya, vyama alivyoviongoza, michango aliyoitoa kanisani. Ni desturi njema, kwa maana yafaa kumshukuru Mungu kwa maisha ya mtu. Linalonisumbua ni neno linalofuata mara nyingi, tunapofarijiana kwamba ndugu yetu yuko mahali pema kwa sababu alikuwa mtu mwema, kana kwamba wasifu ule ndio utakaosomwa tena mbele za Mungu na kumfungulia mlango.

Biblia haituruhusu kuichukulia siku ile kwa wepesi. Mtume Paulo alipohubiri Areopago kule Athene, mbele ya watu waliopenda kusikia habari mpya, aliwaambia kwamba Mungu ameweka siku atakayowahukumu walimwengu kwa haki, kwa mtu yule aliyemchagua, na kwamba kufufuliwa kwake katika wafu ndio uthabitisho wa jambo hilo (Matendo 17:31). Kwa aliyedhulumiwa hii ni habari njema. Zaburi ya 98 inaiita mito ipige makofi na milima iimbe, kwa sababu Bwana anakuja aihukumu nchi. Mama aliyebomolewa nyumba kandokando ya Mto Mathare baada ya mafuriko ya mwaka 2024, au mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, anaelewa upesi kuliko wengi wetu kwa nini zaburi hiyo ni wimbo wa furaha. Mungu asiyehukumu angekuwa Mungu asiyejali machozi yao.

Ila Mungu huyo huyo atanihukumu na mimi, na hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta cha kushika mkononi. Nawaomba tuyaweke pamoja maneno mawili ya Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo ambayo kwa kawaida huwa tunayasoma mbalimbali. Katika sura ya 7 wako watu wanaofika siku ile wakiwa na orodha: “Bwana, Bwana, hatukufanya unabii kwa jina lako, na kwa jina lako kutoa pepo, na kwa jina lako kufanya miujiza mingi?” Orodha yao ni ya huduma za madhabahuni, zile zinazotangazwa kwa vipaza sauti, na wala Bwana habishani nao kama zilifanyika au hazikufanyika. Anawaambia, “Sikuwajua ninyi kamwe.” Katika sura ya 25 wako wengine, walio mkono wa kuume, ambao Mfalme mwenyewe ndiye anayewasomea matendo yao: walilisha wenye njaa, walivika walio uchi, walikwenda kuwaona wagonjwa na wafungwa. Nao wanashangaa. “Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?” Hawakuwa wameyaandika popote, wala hawakuwa wakijiwekea akiba ya kumdai Mungu. Wanaoitegemea orodha yao wanakataliwa, na wanaopokelewa hata hawakumbuki kwamba wanayo. Kila nikiyasoma maneno hayo naona kwamba sura ya 25, ambayo wengi huitumia kuthibitisha kwamba tunaokolewa kwa matendo, inamwonyesha mtu ambaye kwanza amebarikiwa na Baba, ameandaliwa ufalme tangu kuumbwa ulimwengu, kisha upendo ukamtoka bila hesabu.

Kama bado kuna anayedhani mkono mtupu haupokelewi, na amtazame mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Hakubatizwa, hakutoa zaka, hakupata hata siku moja ya kurudisha alichoiba. Alichosema juu ya matendo yake ni kwamba adhabu yake ni ya haki. Kisha akaomba: “Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako.” Akajibiwa kwa ahadi ya siku iyo hiyo. Mwenye kutoa hukumu ya mwisho alikuwa ametundikwa pale pale ubavuni pake, akiibeba hukumu ya wengine, na ndiyo maana aliweza kusema neno lile bila kuivunja haki ya Mungu. Imani ya mtu yule haikuwa kubwa kwa kipimo chochote tunachojua. Ilimwelekea tu yeye aliyestahili kuaminiwa.

Kwa hiyo Yohana 5:24 inasema wazi kwamba alisikiaye neno la Kristo na kumwamini aliyempeleka haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani. Amekwisha kupita. Najua mtu ataniuliza habari ya 2 Wakorintho 5:10, kwamba sisi sote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo, na swali hilo ni la haki. Paulo hakusema mahali hapo kwamba tutapimwa kama tunafaa kuwa wana. Alisema maisha yetu yatawekwa wazi. Katika waraka wa kwanza, sura ya 3, anaeleza kwamba kazi ya mtu inaweza kuteketea, naye apate hasara, lakini yeye mwenyewe ataokolewa, kama kwa moto. Hilo latosha kutufanya tuishi kwa uangalifu, hasa sisi tulio na uongozi wa aina yoyote kanisani.

Wala haya si mafundisho ya dhehebu moja. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mwanadamu anakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, katika kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Katika jiji ambamo ploti moja huwa na waumini wa makanisa matano, ni vyema tukayajua hayo tunapoketi pamoja msibani.

Juma hili tusome Warumi sura ya 8 kuanzia mstari wa 31. Na yeyote atakayekwenda kumwona mgonjwa aliyelemewa na hofu ya kufa, asimhesabie mema aliyoyatenda. Amsomee mstari wa 34, ambapo swali la nani atakayetuhukumia adhabu linajibiwa kwa jina la Kristo Yesu, aliyekufa, akafufuka, naye yuko mkono wa kuume wa Mungu akituombea. Kisha waombe pamoja, ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani kwao.