Mwanga Shingoni mwa Kioo

Jana binti yangu aliikuta ile TV ya chogo stoo, akaniuliza, "Baba, huku nyuma walikuwa wanaweka nini?" Nikaanza kumjibu, sikumaliza. Nilikuwa nimesharudi Mwanjelwa, kibandani kwa baba mdogo, fundi wa TV, mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikipenya kwenye mabati.

TV hiyo hiyo ilikuwa wazi mezani. Sauti ipo, picha hakuna. Baba mdogo akazima taa. "Tazama shingoni, mwanangu. Usiguse. Hata ukichomoa waya, umeme hubaki humo."

Nikainama. Ndani ya shingo ya kioo kulikuwa na mwanga wa zambarau, mwepesi kama moshi wa ubani, lakini umetulia tuli. Haukuwa moto, haukuwa cheche. Baridi nikaisahau. Nilihisi nikipumua kwa nguvu utazimika. Baba mdogo naye alikaa kimya, kisha akasema polepole, "Kimeingiza hewa. Kimekufa hiki." Akawasha taa. Mimi nilitaka aizime tena.

Mwenye TV hakuirudia. Shule, chuo, fizikia, hayo mnayajua. Siku moja maktabani nikakutana na kazi ya E. P. Muntz wa Toronto, ya 1962. Alipitisha mwale wa elektroni katikati ya naitrojeni nyembamba inayokwenda kasi. Molekuli zikigongwa huwaka, na sehemu ya mwanga wake ni zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanomita 391.4. Ung'avu unakwambia molekuli zimesongamana kiasi gani. Mistari ya spektra, yaani mwanga huo ukitawanywa kwa rangi zake, inakwambia joto lake. Hakuna kifaa cha kuchomeka ndani kikavuruga mtiririko. Ila gesi ikizidi, molekuli hugongana kabla hazijatoa mwanga, na kipimo huharibika.

Nilifunga kurasa nikakaa. Hewa yetu nayo kwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Ile iliyopenya kwenye kioo cha TV, ambacho ndani hakitakiwi kuwa na hewa, ilikuwa chache, na elektroni zinazorushwa kutoka shingoni zikaiwasha. Baba mdogo aliusoma mwanga ule kwa jicho tu, akajua hewa imeingia. Alikuwa ameshafariki niliposoma hayo. Mpaka leo natamani ningemwonyesha ukurasa ule, na sijui ningeanzia wapi.

Binti yangu anataka tuiwashe. Pengine hewa imeshajaa mno, hakuna kitakachoonekana. Waya wake ulikatika zamani. Jioni nashuka Mwanjelwa kutafuta mwingine.