Kalenda ya mabati

Jumapili nilipanda kilima cha Chetambe na binti ya kaka yangu, mtoto mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Wengi huja huku kuona ngome ambapo Wabukusu walipambana na Waingereza mwaka 1895. Mimi huja kutazama mabati.

Kutoka juu unaiona Webuye nzima, mji wetu wa magharibi mwa Kenya: reli, barabara kuu ya Malaba, miwa na mahindi, mto Nzoia, na dohani za kiwanda cha karatasi.

"Senge," yaani shangazi, "mbona nyumba zingine zina kutu na zingine hazina?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kalenda yetu. Zile nyekundu, zenye viraka juu ya viraka, ziliezekwa kiwanda kikipumua. Moshi wake ulikuwa na salfa, na salfa hula bati kama mchwa alavyo mti. Kwetu mvua ikianza, kila mtoto alijua sufuria yake. Yangu ilikuwa ya bluu, imebanduka rangi ukingoni, na iliwekwa karibu na mto wa kulalia. Tone la kwanza lililia ngaa! Kadiri maji yalivyopanda ndivyo sauti ilivyozama, nami nikazama nayo usingizini.

Harufu ya mayai viza? Abiria wa mabasi walifunga madirisha, sisi hatukuisikia. Nilipoenda bweni kidato cha kwanza ndipo wenzangu waliponiuliza blanketi langu limefanya nini.

Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Hewa ikatakata, na watu wakahama na magodoro yao. Kukhu, yaani nyanya, Mungu amrehemu, alisimama uani akaangalia juu: "Sasa ndio bati lingedumu, na ndio hakuna wa kulinunua." Mwaka 2016 kikauzwa, mashine zikanguruma tena, ila ule umati wa zamu ya asubuhi, baiskeli kwa baiskeli hadi langoni, sijauona tena. (Wenye maduka ya mabati nao siku hizi huuza ya rangi. Kijani ndiyo inapendwa, sijui kwa nini.)

Mtoto akawa amenyamaza, kitu cha nadra. Alikuwa akihesabu paa kwa kidole kutoka relini, hadi akafika kwetu.

"Na yetu mbona nusu nusu?"

"Guka, babu yako, alianzia upande wa sebuleni," nikamjibu. "Upande wa vyumba vya kulala ulikuwa usubiri mshahara wa mwezi uliofuata."